Njia Namba Kumi na Nne

Miaka thelathini na mmoja niliketi.
Basi la shule, la manjano, njia namba kumi na nne.
Niliketi nikanenepa, niliketi nikazeeka,
usukani ukinigusa tumbo, mwanzo kwa adabu, baadaye bila haya,
hadi nikasogeza kiti nyuma
na mguu ukawa haufiki vizuri kwenye breki.
Hilo sikumwambia mtu.

Siku ya kustaafu walinipa keki yenye umbo la basi.
Nilikula magurudumu yote manne.

Kisha ukaja mguu wa dada yangu Mozelle.
Ulianza na kidonda, punje ya mtama,
chini ya kidole gumba.
Ukaishia gotini, hospitali ya Little Rock,
daktari kijana akitamka "sukari"
kana kwamba anatutambulisha kwa mgeni.
Mgeni gani? Alishamchukua mama.
Alishachukua macho ya mjomba Cleotha.

Jumanne moja, chumba cha chini cha kanisa,
viti vya kukunja, harufu ya rangi mbichi,
nesi Tarvella Gaines alitufunga mkanda wa presha
mmoja mmoja, akaandika kwenye kadi za pinki.
Hakutuhubiria. Alisema tu,
"Namba hii ni yako. Usiniachie mimi."
Akainjika sukuma wiki kwa kitunguu, siki,
na kipande cha bata mzinga aliyekaushwa kwa moshi;
mafuta ya nguruwe, hata tone.
Bi Hortense alionja, akaweka kijiko chini:
"Mama yangu akifufuka leo, hiki kitamuua tena."
Tulicheka hadi viti vikalia.
Wiki ya tatu aliomba aongezewe.
Tulitazama dari.

Lakini kutembea? Tukatembee wapi?
Kwetu barabara haina pa kupita mwenye miguu,
mbwa hawana kamba,
na duka la mboga lilifunga mwaka ule ule
kiwanda cha karatasi kilipofukuza watu.
Hapa anayetembea gari limemharibikia,
ama ana lake jambo.
Nikausikia mdomo wangu ukisema,
"Mimi njia naijua."

Saa kumi na mbili asubuhi, tochi mkononi,
nikaanza peke yangu langoni mwa gereji.
Kituo cha kwanza: Bi Hortense, fimbo, na kofia ya Pasaka.
Cha pili: LaRonda, bado ana sare ya zamu ya usiku.
Cha tatu: hakuna mtu.
Nikangoja dakika mbili, ndiyo kanuni ya madereva.
Tukaenda.

Ajabu ya barabara uliyoitazama maisha yote kupitia kioo:
kumbe ina mlima!
Injini iliupanda kwa niaba yangu
ikaninyima habari.
Magoti yakanipa habari zote.

LaRonda huyu alitapika kiti cha nne
akiwa darasa la pili; nilimfuta kwa skafu yangu.
Sasa ananishika kiwiko kwenye kokoto.
"Bi Earline, njia ni ile ile."
"Ile ile, mwanangu. Ila zamani niliwabeba.
Leo kila mtu na mzigo wake."

Kufika Novemba tulikuwa kumi na mmoja,
kisha tisa, baridi ilipouma,
kisha kumi na watatu; usiniulize kwa nini.
Kadi yangu ya pinki imeshuka kidogo.
Kidogo. Simdanganyi mtu.
Na kila kituo mkono wangu wa kulia
bado unavuta mpini wa mlango usiokuwapo,
nao wanawake, wapumbavu wangu wapenzi,
wanapanda ngazi ya hewa.

Kituo cha mwisho ni barazani kwa Mozelle.
Kila siku alitupungia kikombe, akarudi ndani.
Leo nilivuta mlango, tukageuka,
nikasikia gurudumu likikwaruza ubao wa mteremko.
"Ngojeni," akasema. "Natafuta koti."

Nikatazama saa.
"Dakika mbili," nikamwambia. "Ndiyo kanuni."
Tulingoja kumi.